Safari ya Cairo Ilianzia Kiomboi

Nilianza kujiandaa kwenda AFCON ya 2019 nikijua nakwenda Kamerun. Ilikuwa Julai 2017, na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilikuwa limeamua mambo mawili kwa mpigo: mashindano yatolewe Januari yapelekwe Juni na Julai, na timu ziongezwe kutoka 16 hadi 24. Kijiweni kwetu hapa Singida mjini habari hiyo haikumkosesha mtu usingizi. Gumzo lilikuwa Singida United, iliyokuwa imerudi Ligi Kuu msimu huo na kuufanya Uwanja wa Namfua ujae tena. Mimi nilibaki na ile 24.

Taifa Stars ilikuwa haijacheza AFCON tangu 1980 kule Nigeria, enzi ambazo fainali zilikuwa na timu nane tu. Mwalimu mmoja mstaafu, mtani wangu wa miaka mingi, alizisikia habari za mashindano yale kupitia Radio Tanzania, na hadi leo anayasimulia mabao ya Juma Mkambi na Thuwein Ally utadhani yamefungwa juzi. Nilipompelekea hesabu yangu hakufikiri mara mbili. "Kwenye timu nane tuliingia," akasema. "Kwenye ishirini na nne tutashindwaje?" Hoja yake ilikuwa na ushabiki mwingi kuliko hesabu, lakini ilinitosha. Tukakubaliana, yeye, mimi na wenzetu wachache, kwamba Stars ikifuzu tutakuwa jukwaani.

Fedha ndiyo ilikuwa hoja ya kwanza. Tulilipeleka jambo letu kwenye kikundi cha VICOBA tulichokuwa wanachama. Mwenyekiti, mama wa makamo anayeuza nafaka sokoni, alitusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza, kisha akauliza: "Wanangu, mkopo wa mbegu najua unavyorudi. Mkopo wa ng'ombe najua. Huu wa mpira utarudi umezaa nini?" Kikundi kizima kikaangua kicheko. Mkopo hatukupata, na nashukuru hadi leo. Alitushauri tununue hisa kila wiki kama kawaida, na mzunguko ukiisha tugawane, kila mmoja atoke na chake kisichodaiwa. Safari ya kwenda kushangilia haizalishi chochote. Ukiikopea, utakuwa unalipa riba ya bao ambalo hata aliyelifunga amekwisha kulisahau.

Kazi yangu ni kununua vitunguu na alizeti kwa wakulima na kuviuza, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa namna ya kuipanga safari. Kitunguu ukishakilipia, saa imeanza kuhesabu. Lori likikwama njiani siku mbili, gunia la juu limeota na la chini linatoa maji. Alizeti ni kitu kingine. Ikiwa imekauka vizuri unaiweka stoo, unafunga kufuli, unasubiri bei. Nikaziangalia gharama za safari kwa jicho hilo. Tiketi ya ndege, hoteli na tiketi ya mechi ni vitunguu: vina tarehe, na tarehe ikipita hela imeoza. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, pasipoti na chanjo ni alizeti: ukivipata leo vitakufaa keshokutwa, kwenye mashindano haya au mengine. Nikajiwekea sharti kwamba kabla timu haijafuzu nitanunua alizeti tu.

Alizeti yenyewe haikuwa nyepesi kupatikana. Nilizaliwa kijijini Iramba, mikononi mwa mkunga wa jadi, na cheti cha kuzaliwa sikuwahi kukiona. Kwa hiyo safari yangu ya ng'ambo ilianza kwa kupanda gari kwenda Kiomboi, ofisi za wilaya, nikiwa na cheti cha ubatizo mkono mmoja na cha darasa la saba mkono mwingine. Karani akavilaza mezani sambamba, akapitisha kidole juu ya jina la baba. Kanisa lilikuwa limeliandika kwa R, shule kwa L. Kwetu Unyirambani sauti hizo mbili hukaa nyumba moja na hakuna anayezigombanisha, lakini serikalini kila moja ni mtu wake. Mzee mwenyewe alikuwa hai wakati huo na nilikuwa nimekwenda naye. Alipoulizwa jina lake ni lipi kati ya hayo mawili, akajibu kwa utulivu kwamba yote ni yake. Karani hakucheka. Ikabidi tupate hati ya kiapo kwa wakili, turudi tena, ndipo usajili ukaendelea. Nikitazama nyuma, herufi hiyo moja ilinilia muda mrefu kuliko viza ya Misri.

Cheti kilipotoka, kitambulisho cha Taifa kikafuata, nacho kilikuwa na foleni yake. Kisha Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki ilikuwa imezinduliwa Januari 31, 2018, ada yake Sh 150,000, muda wake miaka 10. Fomu ilitaka pia uthibitisho wa safari, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

"Unakwenda wapi?" afisa akaniuliza.

"Kamerun, afande."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia AFCON."

"Kwani Stars imefuzu?"

"Bado, afande."

Akaweka kalamu chini. "Sasa unakwenda kumshangilia nani?"

"Afande, mashindano yatakuwepo hata sisi tusipokuwepo."

Alinitazama kidogo, akaisoma barua yangu ya maelezo, ile ya mtendaji wa mtaa na leseni ya biashara, akauliza maswali mengine ya msingi kuhusu nitakavyojigharamia, kisha akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo tukikutana mjini ananiita "mzee wa Kamerun".

Chanjo ya homa ya manjano niliifanya siku nilipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli nyingine kabisa. Kuna mambo mawili ambayo msafiri afadhali ayajue mapema. Kwanza, kadi ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanjwa siku ya kuamkia safari umechanjwa bure. Pili, tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua chanjo hiyo kwa maisha yote. Zamani ilikuwa miaka 10. Hakuna alizeti iliyokauka kuliko hiyo.

Halafu likaja pigo la Maseru. Novemba 18, 2018, Stars ilifungwa na Lesotho 1-0, na kijiwe kizima kikanuna. Siku chache baadaye, Novemba 30, CAF ikaipokonya Kamerun uenyeji kwa sababu maandalizi yalikuwa nyuma. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutufundisha Kifaransa cha kuombea maji na kuuliza njia, akafunga daftari. Wenzetu wawili wakaona mambo yamekwisha, wakahamishia akiba yao kwenye mbuzi, na kwa kweli mbuzi walikuwa na hoja. Januari 8, 2019, Misri ikatangazwa mwenyeji mpya, miezi mitano na ushee kabla ya mechi ya ufunguzi. Mtu aliyekuwa na tiketi ya ndege ya Douala alikuwa na hasara mkononi. Pasipoti yangu haikujua Kamerun wala Misri. Ilikuwa kabatini, ileile.

Machi 24, ilikuwa Jumapili, Stars ikaichapa Uganda 3-0 Dar es Salaam: Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Ushindi huo peke yake haukutosha, tulihitaji Lesotho isishinde kule Cape Verde, na mechi hiyo ikaisha bila bao. Miaka 39 ikafutika jioni moja. Hapa Singida bodaboda zilizunguka mjini zikipiga honi mpaka usiku. Jumatatu asubuhi simu yangu haikutulia: pasipoti inapatikanaje, cheti cha kuzaliwa kinachukua muda gani, kuna njia ya mkato? Njia ya mkato sikuijua. Kutoka siku hiyo hadi mashindano yanaanza Juni 21 ilikuwa chini ya miezi mitatu, na mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, tena wa kijiji cha mbali, hawezi kuyamaliza yote hayo na kubakiza muda wa viza. Wengi walikuwa na fedha kuliko mimi. Walibaki kwa sababu ya karatasi.

Ratiba yenyewe ilijulikana Aprili 12, droo ilipochezeshwa Giza, kwenye piramidi. Kundi C: Senegal, Algeria, Kenya na sisi. Sasa ndipo nikafungua mkoba wa vitunguu.

Viza ilitaka mpangilio. Ubalozi unataka kuona tiketi ya ndege na mahali pa kulala. Wewe nawe hutaki kulipia ndege kabla hujajua kama utapewa viza. Nilichofanya, na ndicho ninachowaambia wote wanaoniuliza, ni kushika nafasi ya ndege bila kulipa na kuchukua hoteli inayokuruhusu kughairi bila kukatwa. Taarifa ya benki iwe na historia ya miezi kadhaa. Fedha iliyoingia jana kwa mkupuo inamtia mashaka yeyote anayeisoma. Na piga simu kabla ya kupanda basi. Serikali imehamia Dodoma, jirani zetu, ila balozi nyingi zimebaki Dar es Salaam, na kutoka Singida hadi huko ni kilomita zipatazo 700. Picha moja yenye rangi ya nyuma isiyotakiwa inaweza kukugharimu Manyoni, Dodoma na Morogoro zote upya.

Dola nazo zilikuwa na kisa chake mwaka ule. Maduka mengi ya kubadilishia fedha yalikuwa yamefungwa, Arusha mwishoni mwa 2018 na Dar es Salaam mapema 2019, kwa hiyo mtu alikwenda benki na kupanga foleni. Dola ilikuwa kwenye Sh 2,300 hivi, na pauni moja ya Misri ikawa kama Sh 140. Kwa hesabu hiyo Cairo ilikuwa nafuu kuliko nilivyodhani. Sahani ya koshari, ule mchanganyiko wao wa wali, tambi na dengu, inamshibisha mtu wa mashine ya alizeti. Jumla ya safari yangu, tangu nauli ya basi hadi maji ya kunywa uwanjani, ilikuwa kama bei ya bodaboda mbili mpya.

Mke wangu alikuwa na swali ambalo CAF haijalijibu: "Hawa watu hawajui kwamba mwezi wa sita ni wa alizeti?" Juni ndipo magunia yanaposhuka kutoka mashambani na mnunuzi asiyekuwepo hutanguliwa na wenzake. Yeye ndiye aliyebaki kwenye mizani, na aliponipa hesabu niliporudi, alikuwa amenunua kwa bei nzuri kuliko yangu. Sasa msimu ukianza yeye ndiye anayepanga bei. Mkulima akija ananisalimia mimi na kuongea naye.

Ubishi mkubwa ndani ya kundi letu ulikuwa tarehe ya kurudi. Mimi niliweka siku mbili baada ya mechi ya tatu. Mwenzetu mmoja akaniambia usoni sina uzalendo: nikiweka tarehe hiyo nimeshaikatia timu tamaa. Nikamwambia uzalendo wangu nitauonyesha jukwaani, tiketi ya ndege nitaikata kwa akili. Tulikubaliana kuchukua nauli inayoruhusu kubadilisha tarehe kwa ada, na ada hiyo tukaifunga pembeni isiguswe. Stars ikivuka, tunabaki. Isipovuka, hatulipi hoteli ya kuomboleza.

Mahali pa kulala tulisaidiwa na vijana wa Kitanzania wanaosoma Cairo. Chuo cha Al-Azhar kimekuwa kikiwapokea wanafunzi wa Afrika Mashariki miaka na miaka, na kijana wa nyumbani aliyekaa mjini anakueleza kwa dakika tano mambo ambayo hoteli haiwezi kukuandikia. Sisi tulitaka katikati ya jiji, karibu na Mto Nile. Wao wakatuambia tukae Nasr City, mashariki, kwa sababu Uwanja wa 30 Juni uko upande huo nje kabisa, na mechi yetu na Kenya ilikuwa inaanza saa nne usiku. Ushauri wa dhahabu huo: usichague malazi kwa kuangalia mchana utatembelea wapi, angalia usiku utarudi vipi.

Kuingia uwanjani kulihitaji kitambulisho cha shabiki, unachojisajili mtandaoni pamoja na tiketi kwenye mfumo wao wa Tazkarti. Wengine walilalamika kwamba ni usumbufu. Wamisri wana sababu zao. Februari 1, 2012, watu zaidi ya 70 walikufa kwenye vurugu za uwanjani Port Said, na Februari 2015 mashabiki wa Zamalek wakapoteza maisha nje ya huohuo Uwanja wa 30 Juni. Kwa miaka mingi baada ya Port Said mashabiki walizuiwa kuingia kwenye mechi za ligi yao. Ukiyajua hayo unajisajili bila kununa.

Senegal walitufunga 2-0, na sina la kuongeza. Mechi ya Juni 27 ndiyo niliyoiendea Cairo bila kujua. Kenya na Tanzania, usiku, na jukwaa letu lote likizungumza Kiswahili. Dakika ya sita Msuva akafunga. Olunga akasawazisha dakika ya 39, na kabla Wakenya hawajamaliza kukumbatiana Samatta akaweka la pili. Mapumziko tulikuwa tunaongoza 2-1, na mama mmoja wa Kikenya aliyekaa safu ya mbele yetu akageuka, akatuambia taratibu kabisa, "Ndugu zangu, mechi bado." Mwalimu akampa karanga. Dakika ya 62 Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi. Yule mama hakugeuka kutucheka, adabu ambayo nimemhesabia hadi leo. Aliporudi kukaa aliomba karanga zilizobaki.

Julai 1 Algeria wakatufunga 3-0. Mechi tatu, pointi sufuri. Ada ya kubadilisha tarehe ikabaki salama mfukoni, ikalipia mizigo. Julai 19, nikiwa nimesharudi kwenye magunia, niliangalia fainali: Algeria 1, Senegal 0. Kundi letu ndilo lililotoa wote wawili, jambo ambalo Mwalimu hulitaja kila anapoona tunadharauliwa.

Tangu wakati ule Stars imekwenda tena Ivory Coast na Morocco, na kila mara mambo ni yaleyale kwa majina mengine. Mashindano ya Ivory Coast yalipangwa Juni 2023 yakachezwa Januari 2024. Stars ikacheza San Pedro pwani, kisha ikapelekwa Korhogo kaskazini kabisa, na aliyelipia hoteli moja kwa siku zote alikuwa na kazi. Cairo ilikuwa Tazkarti, Qatar kwenye Kombe la Dunia la 2022 ikawa Hayya, Morocco ikawa Yalla. Kila mwenyeji ana mlango wake wa mtandaoni na kila mlango unaanza kwa kuuliza namba ya pasipoti. Wanaoniuliza kuhusu Kombe la Dunia la 2026 nawaambia ukweli: Desemba 2025 Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo utoaji wa viza zake za matembezi umewekewa vizuizi. Hapo hata alizeti haisaidii.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. CAF ilitupa uenyeji Septemba 2023. Arusha kunajengwa uwanja mpya, na kutoka Singida kwenda Arusha ni barabara moja tu kupitia Katesh na Babati, bila viza ya mtu. Lakini mechi nyingine zitakuwa Kenya na Uganda. Wakenya na Waganda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania bado anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na ofisi za Uhamiaji wiki ya mashindano zitakuwa na foleni ya nchi nzima. Kwa hiyo ndugu zangu wa Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni, msisubiri droo. Kama huna cheti cha kuzaliwa, nenda wilayani wiki hii, na ukifika linganisha herufi za jina la baba kabla karani hajafanya hivyo.